Wimbo Uliovunja Shadda Ukapendwa

Kila ifikapo Desemba mimi hujikuta nikibishana na wimbo mmoja. Wimbo wenyewe ni ule ambao Wajerumani huuita "Stille Nacht", nasi huuimba kwa Kiswahili mkesha wa Krismasi, taa zikiwa zimezimwa na mishumaa imewashwa. Sidhani kwamba pana wimbo wa Krismasi unaopendwa kuliko huo katika makanisa yetu, yawe ya mjini au ya mashambani. Mimi pia naupenda. Hata hivyo, kwa miaka mingi nilikuwa na kesi nao, na kesi hiyo ilihusu shadda.

Mwalimu mwenzangu hahitaji kukumbushwa kwamba shadda ya Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache. Ndiyo maana mwanafunzi hufundishwa kutofautisha barabara wanayopita watu na jambo lililofanywa barabara. Sasa litazame neno "usiku". Shadda yake imo katika "si". Katika tafsiri tuliyoizoea kwetu, neno hilo limewekwa juu ya noti za mwanzo kabisa za wimbo. Noti ya kwanza, iliyo nzito na yenye kuvutwa, imepewa "u". Ile "si", ambayo ndiyo mwenye nyumba, inapitwa mbio kama abiria anayepitwa na matatu iliyojaa. Kisha "ku" inashikwa na kuvutwa hadi pumzi iishe. Mtu akilitamka neno hivyo darasani, nitamsahihisha kabla hajaketi.

Basi mwaka mmoja, nikiwa nimerudi nyumbani karibu na Kakamega kwa likizo, niliamua kuuponya wimbo huo. Nilijifungia chumbani siku kadhaa nikaandika tafsiri mpya, ambayo ndani yake kila shadda iliketi juu ya pigo zito la muziki na kila silabi nyepesi ikapewa noti nyepesi. Nakiri kwamba niliridhika nayo kupita kiasi. Nikaipeleka kwa kwaya ya kanisa letu, ambamo mama yangu alikuwa akiimba sauti ya kwanza tangu kabla sijazaliwa. Waliijaribu kwa adabu zote. Bibi mmoja aliyeketi kando ya mama aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, kwani hili neno la zamani lilikuwa gonjwa?" Nikamweleza habari za shadda. Akaitikia kwa kichwa, jinsi mtu mzima amwitikiavyo mtoto anayesimulia ndoto.

Mkesha ulipofika, taa zikazimwa. Kwaya ikaanza maneno yangu. Haikufika mstari wa pili kabla waumini, ambao hakuna aliyekuwa amewaonya, hawajaanza kuimba yale ya siku zote. Kwa muda mfupi nyimbo mbili zilipigana gizani. Halafu kwaya ikasalimu amri, mmoja baada ya mwingine, na miongoni mwa wa kwanza kuniacha alikuwa mama yangu mzazi. Tulipotoka nje alinishika mkono akasema, "Mwanangu, maneno yako ni mazuri. Yapeleke huko chuoni." Nilinuna. Nilikula chapati za Krismasi nikiwa nimenuna.

Ilinichukua muda kutambua kwamba kosa halikuwa la mama wala la yule bibi. Lilikuwa langu, na lilikuwa kosa la kitaaluma. Ushairi wa Kiingereza na wa Kijerumani hupimwa kwa mapigo: silabi nzito na nyepesi hupokezana, na mtunzi wa muziki huyafuata mapigo hayo. Ushairi wa Kiswahili haupimwi hivyo. Sisi tunahesabu mizani. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, una mizani minane katika kila kipande, na mizani hiyo huhesabiwa bila kuuliza shadda iko wapi. Tena tenzi zetu zilitungwa ziimbwe au zighaniwe, na mghani anapoingia katika mahadhi yake, mahadhi ndiyo hutawala. Shadda ya mazungumzo huachwa mlangoni pamoja na viatu. Sikio la Mswahili, na la Mkenya aliyelelewa katika nyimbo za Kiswahili, halishtuki "u" ikivutwa. Nilikuwa nimechukua kipimo cha Kiingereza nikakitumia kupimia nguo ya mtu mwingine, kisha nikastaajabu haimkai.

Ingekuwa vingine kama tungekuwa tunaimba kwa lugha zetu za nyumbani. Kiswahili hakina toni, lakini Kiluhya, Kikuyu na Kidholuo zinazo, na katika lugha hizo kupanda au kushuka kwa sauti kunaweza kubadili maana. Tuni ya kigeni inayopanda pale neno linapotaka kushuka inaweza kumwacha msikilizaji akikisia. Huko kesi yangu ingekuwa na miguu.

Wimbo wenyewe una historia inayostahili kusimuliwa kwa wanafunzi. Maneno yake yaliandikwa na padri kijana, Joseph Mohr, mwaka 1816 huko Mariapfarr, wakati eneo la Salzburg lilipokuwa limetoka tu kupita katika vita vya Napoleon na kukabidhiwa Austria. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1818, akiwa Oberndorf, alimpelekea mwalimu wa shule, Franz Xaver Gruber, amtilie muziki. Wakauimba usiku huohuo kwa gitaa. Hadithi ipendwayo sana husema kwamba kinanda kilikuwa kimeharibika, na wengine huongeza kwamba panya ndio waliokitafuna. Panya hao, kwa kadiri nionavyo, walizaliwa na wasimulizi wa baadaye. Jambo la hakika ni kwamba wimbo ulitungiwa gitaa na sauti mbili, pamoja na kwaya ya kuitikia, na mtungaji wake alikuwa mwalimu wa kijijini. Walimu wanaosoma ukurasa huu na wajivune kidogo.

Fundi wa vinanda, Karl Mauracher, aliuchukua hadi kwao Zillertal, na familia za waimbaji wa huko zikausambaza. Familia ya Rainer iliuimba New York mwaka 1839. Njiani majina ya watunzi yalipotea, hata Gruber akalazimika mwaka 1854 kuandika maelezo ya jinsi wimbo ulivyozaliwa. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1914, katika mahandaki ya Flanders, askari Wajerumani na Waingereza waliimbiana nyimbo za Krismasi, huu ukiwamo, kila upande kwa lugha yake. Sidhani kwamba kuna aliyekagua shadda.

Wala sikuwa mtaalamu wa kwanza kupuuzwa na waimbaji. Charles Wesley alichapisha mwaka 1739 ule wimbo wake wa malaika waimbao, akautumia ndani yake neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya mbingu. George Whitefield akalibadilisha mwaka 1753, na watu wakayapokea maneno ya Whitefield. Tuni tunayoimbia leo ilitungwa na Mendelssohn mwaka 1840 kumsifu Gutenberg na uvumbuzi wa uchapaji. Yeye mwenyewe alisema haingefaa maneno matakatifu. Mwaka 1855, akiwa ameshafariki, William Cummings akaviunganisha viwili hivyo, na leo haviachani. Naye Isaac Watts aliandika "Joy to the World" mwaka 1719 akiifasiri Zaburi ya 98, wala hakukusudia Krismasi.

Wapo wasemao kwamba tunazipenda nyimbo hizi kwa sababu ya utotoni tu. Nadhani wanakaribia ukweli, ila hawajaufikia. Nyimbo za utotoni ni nyingi, na nyingi tumezitupa. Hizi hurudi mara moja kwa mwaka, zikatukuta pamoja, mahali palepale, na wale waliosimama kando yetu mwaka jana. Anayebadilisha neno moja humnyang'anya jirani yake nafasi ya kuimba bila kitabu, gizani.

Mama sasa hayumo tena katika kwaya. Huketi benchi la tatu, karibu na dirisha, na pumzi yake imepungua. Mkesha uliopita niliketi naye. Tulipofika kwenye neno lile, aliianza "u" vizuri, akaipita "si", akaishiwa kwenye "ku". Kanisa zima likaishikilia, nami pia, hadi alipokuwa tayari kwa neno linalofuata.