Mashine ya Kusafishia kwa Mvuke: Inachoweza na Isichoweza Kufanya Nyumbani

Miongoni mwa vifaa vya umeme vinavyozidi kuonekana madukani na katika nyumba za mijini ni mashine ndogo ya kusafishia kwa mvuke. Huwa na tangi la maji, kipasha joto, mpira mrefu na vichwa vya aina mbalimbali: brashi ya sakafu, mdomo mwembamba wa kupenya kwenye pembe, na kichwa kipana cha kupitisha juu ya godoro au sofa. Katika boksi lake mara nyingi huandikwa kwamba mashine huua asilimia 99.9 ya vijidudu bila dawa yoyote. Kwa familia yenye mtoto anayeugua pumu, au iliyochoshwa na kunguni, maneno hayo huwa na mvuto mkubwa. Makala haya yanaeleza jinsi mvuke unavyofanya kazi, mahali unapofaa, mahali usipofaa, na namna ya kuepuka madhara yake, hasa kuungua.

Nguvu ya mvuke inatoka wapi

Maji yaliyo wazi, katika usawa wa bahari, huchemka yafikapo nyuzijoto 100 za Selisiasi. Kadiri mahali palivyo juu, ndivyo maji yanavyochemka kwa joto la chini zaidi. Mjini Mbeya, palipo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huchemka karibu nyuzijoto 94. Katika tangi lililofungwa, kanieneo huongezeka na maji huweza kupita nyuzijoto 130 kabla ya mvuke kutolewa. Hata hivyo, mara mvuke utokapo mdomoni mwa mpira hutanuka, huchanganyika na hewa na kupoa kwa haraka. Kinachoua vijidudu si joto lililomo ndani ya tangi, bali ni lile linalofika juu ya kitu kinachosafishwa na muda linaodumu hapo.

Nguvu kubwa ya mvuke hutokana na joto fiche. Ili kupasha gramu 1 ya maji kutoka nyuzijoto 30 hadi 100, huhitajika takribani jouli 293. Kuigeuza gramu hiyo hiyo kuwa mvuke huhitaji jouli 2,257 zaidi, yaani zaidi ya mara 7. Mvuke ukigusa kitu kilichopoa hurudi kuwa maji na kukiachia joto hilo lote kwa mpigo. Ndiyo maana huyeyusha mafuta yaliyogandamana jikoni upesi kuliko maji ya moto yaliyomwagwa. Na ndiyo maana huunguza ngozi vibaya.

Kusafisha si sawa na kutakasa

Wauguzi na wataalamu wa maabara hutofautisha mambo matatu. Kusafisha ni kuondoa uchafu. Kuua vijidudu ni kupunguza idadi yake hadi kiwango kisichotarajiwa kuleta ugonjwa. Kutakasa kabisa ni kumaliza kila chenye uhai, zikiwamo spora, yaani maumbo magumu ambayo baadhi ya bakteria hujigeuza ili kustahimili joto na ukame. Bakteria wanaosababisha pepopunda ni mfano mmojawapo.

Hospitali hutakasa vyombo vyake kwa mvuke ndani ya otoklevu, chombo kilichobuniwa mwaka 1879 na Charles Chamberland, Mfaransa aliyefanya kazi na Louis Pasteur. Humo hewa huondolewa, mvuke hubanwa, na vyombo hukaa katika nyuzijoto 121 kwa angalau dakika 15, au nyuzijoto 134 kwa dakika 3. Mashine ya nyumbani haiwezi kutimiza masharti hayo, kwa kuwa mvuke wake hutoka katika hewa ya wazi. Kwa hiyo haifai kutakasia wembe, sindano, mikasi ya kukatia kitovu wala kifaa chochote kitakachopenya ngozi.

Asilimia 99.9 nayo inahitaji kufafanuliwa. Mahali penye bakteria 1,000,000, kuua asilimia 99.9 huacha bakteria 1,000. Baadhi ya bakteria, wakipata joto, unyevu na chakula, huweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 20. Kwa kasi hiyo, 1,000 waliobaki huifikia tena milioni moja katika muda wa saa 3 na dakika 20. Fundisho la hesabu hii ni kwamba meza ya jikoni iliyopitishwa mvuke na kuachwa ikiwa na majimaji na mabaki ya chakula haitabaki salama hadi jioni. Mvuke unapaswa kufuatwa na kufuta kwa kitambaa safi na kukausha.

Mahali mvuke unapofaa

Mvuke hufanya kazi nzuri zaidi juu ya vitu vigumu visivyonyonya maji: vigae vya sakafu na kuta, mistari ya saruji kati ya vigae, sinki, bomba, jiko la gesi lililopoa na kufungwa gesi yake, na choo cha kukaa. Hatua ya kwanza ni kufagia na kuosha uchafu unaoonekana kwa maji na sabuni, kwa maana tabaka la uchafu huwakinga vijidudu wasifikiwe na joto. Baada ya hapo kichwa cha mashine hupitishwa polepole. Bakteria wengi wa kawaida hufa wakikaa katika nyuzijoto 70 kwa takribani dakika moja, lakini mpitisho wa haraka, kama wa mtu anayedeki kwa pupa, hulowanisha tu bila kupasha joto la kutosha.

Kuna hali ambazo mvuke hauchukui nafasi ya dawa. Nyumba yenye mgonjwa wa kipindupindu huhitaji klorini kwa ajili ya mahali palipochafuliwa na matapishi au kinyesi, kwa kipimo kinachoelekezwa na wahudumu wa afya. Kuelekeza mvuke wenye nguvu juu ya uchafu wa aina hiyo huweza kurusha matone yenye vimelea hadi mahali palipokuwa safi. Damu iliyomwagika nayo hufutwa na kutiwa dawa kwanza, kwa mikono iliyovaa glavu.

Kunguni na utitiri wa vumbi

Kunguni hawajathibitishwa kuwaambukiza watu magonjwa, lakini huwanyima usingizi, huwasha, na mikwaruzo yao huweza kuingiwa na vidonda. Joto ni adui wao mkubwa, na mvuke una faida ya pekee: huua mayai ambayo dawa nyingi za kupuliza huyaacha. Siri iko katika mwendo. Kichwa kipana huwekwa karibu kabisa na mshono wa godoro au ufa wa kitanda, kisha husogezwa kwa kasi ya sentimita 30 kwa takribani nusu dakika, ili uso wa kitu upate joto la nyuzi 70 au zaidi. Mvuke upunguzwe nguvu na mdomo mwembamba uepukwe, kwa sababu upepo mkali huwapeperusha kunguni wakiwa hai hadi pembe nyingine ya chumba. Kwa kuwa mvuke haupenyi ndani sana na hauachi sumu yoyote nyuma yake, waliojificha ndani ya ukuta au sponji husalimika. Zoezi hurudiwa baada ya siku kadhaa, na shuka, foronya na nguo zinazostahimili joto hufuliwa kwa maji ya nyuzijoto 60.

Utitiri wa vumbi ni viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, wanaoishi katika magodoro, mito na mazulia na kula magamba ya ngozi ya binadamu. Hawanywi maji, bali huvuta unyevu kutoka hewani, na hivyo hustawi katika maeneo yenye unyevu kama mwambao wa pwani. Mvuke huwaua. Lakini kinachochochea pumu na mzio ni zaidi kinyesi na mabaki ya miili yao, na hayo hubaki palepale baada ya wao kufa. Tena, godoro lililoachwa bichi huwapatia walionusurika unyevu wanaouhitaji, na kukaribisha ukungu, ambao nao huchochea pumu. Baada ya mvuke, godoro halina budi kukaushwa kabisa kwa jua na upepo, kisha vumbi liondolewe kwa mashine ya kufyonza au kwa kulikung'uta nje ya nyumba, mgonjwa akiwa mbali. Wakati wa masika, ambapo kukausha ni shida, ni heri kuliacha godoro bila kulitia mvuke. Wala kazi hii si badala ya dawa za pumu alizoandikiwa mgonjwa.

Vitu visivyopaswa kupitishwa mvuke

Mbao zisizopakwa vanishi huvimba na kupinda. Nta ya sakafu huyeyuka, hariri na mahameli huharibika, na kioo kilichopoa sana huweza kupasuka. Soketi, swichi, runinga na sehemu ya nyuma ya jokofu hazipaswi kuguswa, kwa kuwa maji na umeme havipatani. Vyandarua vyenye dawa ya muda mrefu pia vikae mbali: hivyo hufuliwa kwa maji ya kawaida na sabuni isiyo kali, kisha huanikwa kivulini, ili dawa yake idumu.

Ndani ya tangi hutiwa maji peke yake. Klorini, sabuni au manukato yakichemshwa humo hugeuka hewa inayoingia moja kwa moja mapafuni. Hata sakafu iliyotoka kupigwa dawa ya klorini isuuzwe vizuri kabla ya kupitishwa mvuke, na madirisha yawe wazi.

Kuungua: hatari iliyo kubwa kuliko zote

Maji ya nyuzijoto 60 huweza kuunguza ngozi kwa kina katika sekunde 5 tu, na mvuke una joto zaidi ya hapo. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, nayo huungua mapema zaidi. Watoto wasiwe katika chumba kinachosafishwa, na mashine isiachwe ikiwa imewashwa bila mtu. Mtumiaji avae viatu vilivyofunika vidole na asielekeze mdomo wa mpira kwa mtu wala mnyama. Ajali nyingine huweza kutokea wakati wa kuongeza maji: kifuniko kikifunguliwa tangi likiwa bado na kanieneo, mvuke hufumka usoni. Kwanza mashine izimwe, plagi ichomolewe, mvuke uliobaki utolewe, na tangi liachwe lipoe.

Mtu akiungua, sehemu iliyoungua iwekwe mara moja chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Hatua hiyo bado husaidia hata ikichelewa, mradi saa 3 hazijapita. Pete, bangili na nguo zisizogandamana na ngozi ziondolewe kabla ya uvimbe. Dawa ya meno, mafuta, yai na barafu visipakwe, wala malengelenge yasitumbuliwe. Jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi na laini. Aliyeungua usoni, mikononi, miguuni au sehemu za siri, aliye na jeraha kubwa kuliko kiganja chake, na mtoto mdogo yeyote, apelekwe kituo cha afya bila kukawia.

Maji, umeme na matunzo

Maji ya visima yenye chumvi nyingi huacha ukoko mweupe tangini, kama ule unaoonekana ndani ya birika. Ukoko huo hupunguza joto na kuziba njia ya mvuke. Maji ya mvua yaliyochujwa vizuri, au maji yaliyotoneshwa, hupunguza tatizo hilo pale ambapo maelekezo ya mtengenezaji yanaruhusu. Kuhusu gharama, mashine ya wati 1,500 ikitumika kwa dakika 20 hula nusu uniti ya umeme. Isichomekwe pamoja na pasi au jiko la umeme katika waya mmoja wa kuongezea, kwani waya huweza kupata moto na kuyeyuka.

Familia isiyo na mashine hii haijapungukiwa na njia. Maji yanayochemka yaliyomiminwa kwa uangalifu kwenye nyufa za kitanda cha mbao kilichotolewa nje huua kunguni na mayai wanayofikiwa nayo. Pasi ya moto hufanya vivyo hivyo kwenye mishono ya nguo. Sabuni, maji na kitambaa kikavu huendelea kuwa msingi wa usafi wa jiko. Mwenye mashine naye anufaike nayo kwa kuitumia polepole, juu ya kitu kilichokwisha kuoshwa, na kwa kukausha kila alipopita. Mtoto mwenye pumu atafaidika na godoro kavu lisilo na vumbi, si na godoro lililotoka tu kufukizwa mvuke.