Grafini: unga mweusi unaotia plastiki nguvu, na maswali ya kuuliza kabla ya kuununua

Mjini Bunia bidoni ya njano ni mali ya nyumba. Inachota maji, inabeba mafuta ya mawese, inafungwa nyuma ya pikipiki kwenda sokoni. Lakini jua na kudondoshwa kila siku vinaipasua, na vipande vyake vinaishia kwenye mitaro au mtoni Nyamukau. Kumbe nchi za nje kuna viwanda vinavyochanganya plastiki na unga mweusi unaoitwa grafini, ili idumu zaidi. Unga huo unatengenezwa namna gani? Na je, unaweza kufaa watu wa Ituri?

Grafini ni kitu gani?

Mwanzo wake ni jiwe jeusi na laini liitwalo grafiti. Watanzania wanaliita kinywe, na ndilo lililo ndani ya penseli. Ukiandika, matabaka membamba yanabanduka na kubaki juu ya karatasi. Ukiendelea kubandua mpaka libaki tabaka moja, lenye unene wa atomu moja ya kaboni, hiyo ndiyo grafini. Milimita moja ya kinywe ina matabaka kama milioni 3.

Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walilipata tabaka hilo mwaka 2004 kwa utepe wa gundi, ule wa kubandikia makaratasi ofisini. Mwaka 2010 wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Vipimo vilivyofanywa Marekani mwaka 2008 vilionyesha kwamba kulikata tabaka hilo kwa kulivuta kunahitaji nguvu zaidi ya mara 100 kuliko chuma cha kawaida chenye unene uleule.

Inatengenezwa namna gani?

Utepe unatoa vipande vichache tu, kwa hiyo viwanda vinatumia njia nyingine. Ya kwanza ni kusaga kinywe ndani ya maji yenye sabuni, kwa mashine inayozunguka kwa kasi sana. Maji yanavuta matabaka huku na huku mpaka yanaachana, na sabuni inazuia yasirudi kushikamana. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo cha Trinity, Dublin, walionyesha kwamba hata blenda ya jikoni na sabuni ya vyombo vinaweza kuanzisha kazi hiyo. Kisha vipande vinene vinatengwa na vyembamba, na hapo ndipo penye ugumu.

Njia ya pili inatumia asidi kali. Inatoa vipande vingi, lakini pia maji machafu ambayo hayafai kumwagwa mtoni. Njia ya tatu ilitangazwa mwaka 2020 na Chuo Kikuu cha Rice, Marekani: umeme mwingi unapitishwa kwa chini ya sekunde moja ndani ya makaa ya mawe, matairi ya zamani au taka za plastiki. Joto linapanda karibu digrii 2,700, na kaboni inageuka grafini. Hapo si lazima kuwe na kinywe, lakini lazima kuwe na umeme wa uhakika.

Nguvu iko katika kuchanganya

Kila aliyepika bugali anajua: unga ukimwagwa vibaya, mabonge yanabaki na chakula kinaharibika. Grafini ni vivyo hivyo. Vipande vyake vinapenda kushikana, na kila bonge ndani ya plastiki linakuwa mahali pa kuanzia ufa. Ndiyo maana kiwanda kinayeyusha plastiki kwanza, halafu kinaikanda pamoja na unga kwa mashine yenye skrubu ndefu.

Vikitawanyika vizuri, vinatosha vichache. Grafini ya gramu moja, ikitandazwa tabaka moja moja, ingefunika zaidi ya mita za mraba 1,300. Kampuni ya magari ya Ford ilianza mwaka 2018 kutia grafini chini ya nusu ya asilimia moja katika baadhi ya vipande vya sponji vinavyofunika mitambo ya injini. Kwa vipimo vyake yenyewe, uimara uliongezeka kwa asilimia 20 na uwezo wa kuvumilia joto kwa asilimia 30. Ni faida ya kweli, lakini si muujiza.

Si kila unga mweusi ni grafini

Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore walichapisha vipimo vya unga wa kampuni 60 za nchi mbalimbali zilizosema zinauza grafini. Katika unga wa kampuni nyingi, grafini ya kweli haikufika hata asilimia 10. Sehemu kubwa ilikuwa kinywe kilichosagwa tu. Kanuni za kimataifa zinasema kipande kikizidi matabaka 10 hakiitwi tena grafini, na jicho la mnunuzi haliwezi kuona tofauti hiyo.

Na Ituri je?

Kinywe hakiko mbali. Kiko Orom, kaskazini mwa Uganda, ng'ambo ya Ziwa Albert. Kiko Mahenge na Lindi nchini Tanzania, na Balama nchini Msumbiji kinachimbwa tangu 2017. Madini hayo mengi yanakwenda ng'ambo kutengenezea betri.

Plastiki nayo ni nyingi mno. Amri ya serikali ya Kongo ya Desemba 2017 ilikataza mifuko na vifungashio vya plastiki, lakini taka zimeendelea hadi kukwamisha mitambo ya umeme ya Ruzizi, Bukavu. Jijini Nairobi, Nzambi Matee anachanganya taka za plastiki na mchanga kutengeneza matofali ya kutandika chini. Kazi hiyo haihitaji grafini. Inahitaji kwanza plastiki iliyochambuliwa na kuoshwa, maana grafini haiponyi plastiki chafu iliyochanganywa ovyo. Kwa Bunia, hatua ya kwanza ni hiyo.

Mtu akileta unga huo kwa bei kubwa, aulizwe mambo matatu: vipande vina matabaka mangapi na nani alipima, ni wa plastiki ya aina gani na kwa kiasi gani, na unachanganywa kwa mashine ipi. Asipokuwa na majibu, mfuko wa pesa ubaki umefungwa. Na yeyote anayeushika avae barakoa nzuri, kwa sababu vumbi jembamba namna hiyo linaingia ndani kabisa ya mapafu.