Ulimi Mzito si Akili Nzito

Wengi wenu mnanijua. Mimi ndiye yule wa kidato cha tatu ambaye akiinuka kujibu swali, watu huanza kuguna. Nina kigugumizi. Leo nimeshika kalamu kwa sababu kalamu haigugumizi.

Kwanza tuelewane kwamba matatizo ya kusema si ya aina moja. Yako ya usemi, ya sauti na ya lugha.

Tatizo la usemi ni pale mtu anajua anachotaka kusema, lakini ala za kutamkia hazimtii. Kithembe ni mojawapo na kigugumizi pia. Mwenye kigugumizi hurudia sauti (ma-ma-ma-maji), huivuta (mmmmaji) au hukwama kabisa. Mimi hukwama. Siku moja kwenye matatu nilitaka kusema "shukisha", neno likakataa kutoka. Nilipitishwa steji mbili, nikarudi kwa miguu. Siku hizi nagonga bodi tu.

Wapo wasemao kwamba ukimwiga mwenye kigugumizi kitakuambukiza, au kwamba huletwa na woga. Si kweli. Hutokana na jinsi ubongo unavyoongoza usemi, na mara nyingi hurithiwa. Aghalabu huanza kati ya miaka 2 na 5. Watoto wapatao 5 katika kila 100 hukipata, lakini wengi kikawatoka, hata kikabaki kwa mtu kama 1 katika kila 100. Wavulana huwa wengi kuliko wasichana. Woga haukileti ila hukizidisha, ndiyo maana mkicheka nakwama zaidi. Ajabu ni kwamba tukikariri shairi kwa kundi katika tamasha la muziki, sikwami hata silabi moja. Wengi wetu tuko hivyo: tukiimba au tukisema pamoja na wenzetu, maneno hutiririka.

Tatizo la sauti ni jingine. Hapa maneno yako sawa ila sauti yenyewe imeharibika. Kooni mna nyuzi mbili zinazotikisika tunaposema. Ukipiga kelele mechi nzima, huvimba na sauti ikapwea. Walimu, wahubiri na makanga wako hatarini kwa kuwa hupaza sauti kila siku, na nyuzi zao zaweza kuota vinundu. Dawa ya kwanza ni kupumzisha sauti na kunywa maji. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, mwone daktari.

Tatizo la lugha nililijulia nyumbani. Babu yangu alipatwa na kiharusi mwaka juzi, mkono wake wa kulia ukapooza. Tangu hapo akitaka maji husema "kiti". Tukimletea kiti hukasirika hadi machozi yakamtoka. Majirani walisema mzee amerukwa na akili. La hasha! Mwaka wa 1861 daktari Mfaransa, Paul Broca, alimchunguza mgonjwa aliyejibu kila swali kwa "tan", ingawa mengi aliyoambiwa aliyaelewa. Mgonjwa alipofariki, Broca alikuta ubongo wake umeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Kwa watu wengi, lugha hukaa upande huo wa kushoto, na ndio pia unaoongoza mkono wa kulia. Ndiyo sababu babu alipoteza vyote viwili siku moja. Akili yake ipo. Tukicheza drafti hunishinda kwa mkono wa kushoto.

Msidhani haya ni ya wanyonge tu. Mfalme George wa Sita wa Uingereza, aliyefariki mwaka wa 1952 binti yake Elizabeth akiwa ziarani huku kwetu Nyeri, alikuwa na kigugumizi. Kuanzia 1926 alisaidiwa na Lionel Logue kutoka Australia, na akaweza kuhutubia taifa kwa redio. Joe Biden, Rais wa Marekani kutoka 2021 hadi 2025, alikuwa nacho tangu utotoni.

Nikiwa kidato cha kwanza niliulizwa wingi wa "wembe". Nilijua ni "nyembe", lakini niling'ang'ana na "ny" mpaka nikaona aibu, nikasema "sijui". Nikaambiwa niketi, mvivu wewe. Tangu siku hiyo nimesema "sijui" mara nyingi kuhusu mambo ninayoyajua.

Kwa hivyo nawaomba haya. Mtu akikwama, msimmalizie neno, maana mara nyingi si hilo alilotaka. Msimwambie "tulia" wala "vuta pumzi", kwani anajaribu tayari. Mtazameni usoni kama kawaida, mngoje. Walimu wetu wapendwa, msituruke mnapouliza maswali, bali mtupe muda. Na wazazi wakiona shida kwa mtoto mdogo, wamwulize daktari kuhusu wataalamu wa tiba ya usemi mapema, ijapokuwa si wengi nchini.

Muhula ujao chama chetu kitakuwa na mjadala, nami nimeandikisha jina. Kila msemaji hupewa dakika tatu. Nimemwomba mwenyekiti anipe sita, naye amekubali. Mkiniona nimekwama, jueni jibu ninalo, liko njiani.

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Kwaherini.