Dhima ya Bembea katika Makuzi ya Kihisia ya Mtoto Mchanga: Mtazamo kutoka Ivuna, Wilaya ya Momba

Bembea, ambazo pia huitwa bembelezi, ni nyimbo za kumtuliza mtoto anapolia au anapotakiwa kulala. Katika uainishaji wa Mulokozi (1989), zimo katika utanzu wa ushairi, kipera cha nyimbo. Fasili ya kawaida humtazama mtoto peke yake kuwa ndiye hadhira. Makala hii inajenga hoja kwamba bembea huwahudumia wawili: mtoto na mlezi wake.

Kwa mtoto, nguvu ya wimbo imo katika sauti kabla ya maneno. Corbeil, Trehub na Peretz (2016), katika utafiti uliofanyika Kanada, waliwasikilizisha watoto wa chini ya mwaka mmoja nyimbo za Kituruki, lugha wasiyoijua. Watoto hao walitulia kwa wastani wa takribani dakika 9 kabla ya kuonesha dhiki. Kwa mazungumzo, walitulia takribani dakika 4 tu.

Maneno, kwa upande mwingine, humfaa zaidi anayeimba. Mfano bayana ni komoriuta, yaani bembea za Kijapani. Nyingi kati yake ziliimbwa na wasichana wa familia maskini waliopelekwa kulea watoto wa wengine. “Itsuki no Komoriuta”, wimbo wa Kumamoto, umebeba huzuni ya mlezi wa namna hiyo. Mtoto alipata usingizi. Mlezi alipata pa kuutua mzigo wa moyo.

Hoja hii ina uzito Ivuna, kusini mwa Ziwa Rukwa, katika eneo la Wawanda. Katika jamii ya wakulima, mama aendapo shambani, mtoto mchanga aweza kubaki mgongoni mwa dada yake, ambaye naye bado ni mtoto. Bembea ya Kiwanda humpa dada huyo nyenzo ya kumtuliza mdogo wake na kujituliza mwenyewe.

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto (2021/22–2025/26) inasisitiza malezi yenye mwitikio. Wimbo uliorekodiwa kwenye simu haupunguzi mwendo mtoto anaposinzia; mlezi hufanya hivyo. Kwa hiyo, mtafiti wa bembea hana budi kurekodi, pamoja na matini, nani anaimba, amembeba nani, na katika hali gani. Vinginevyo, maneno yatahifadhiwa, lakini malezi yaliyoyazaa yatapotea.