Goma: Kabla ya kununua ndoo ya rangi nyeupe, angalia kwanza chumba chako

Mjini Goma, mtu akimaliza kujenga ao akipata nyumba ya kupanga, rangi ya kwanza anayoitaja kwa ndani ni nyeupe. Sababu inajulikana. Mji umekaa juu ya mawe meusi ya Nyiragongo, nyumba nyingi zimesongamana, na umeme hauko kila saa. Ukuta mweupe unarudisha sehemu kubwa ya mwangaza unaopita dirishani, na watoto wanaweza kusoma mpaka saa kumi na moja ya jioni bila kuwasha taa.

Tatizo ni kwamba nyeupe ziko nyingi. Moja inaelekea maziwa, nyingine ina ubuluu kidogo, nyingine ina kijivu ndani yake. Dukani zinafanana zote. Ni ukutani ndipo zinaachana, na pale pesa imekwisha kutoka.

Mashauri mengi yanayotoka Ulaya yanasema uangalie kama dirisha linatazama kaskazini ao kusini. Kwetu hiyo haisaidii sana: Goma iko karibu na ikweta, jua linapita upande wa kaskazini sehemu moja ya mwaka, na upande wa kusini sehemu nyingine. Kinachobadilisha chumba hapa ni kile kilicho mbele ya dirisha. Ukuta wa mawe meusi wa jirani unaleta giza; migomba inaleta ukijani; sakafu ya simenti nyekundu inapandisha uwekundu kwenye kuta. Nyeupe yenye kijivu ndani ya chumba kama hicho itaonekana chafu tangu siku ya kwanza. Afadhali nyeupe ya maziwa. Taa nazo zina neno lao: taa nyingi za sola zinatoa mwangaza wenye ubuluu, na ukichanganya na nyeupe ya ubuluu, saloni inafanana na chumba cha hospitali.

Hata hivyo, aina ya rangi inaleta hasara kubwa zaidi kuliko kivuli chake. Rangi ya maji isiyong'aa inapendeza kwa macho na inaficha makosa ya fundi, lakini alama ya mkono wa mtoto haitoki kirahisi, na ukisugua sana unaondoa rangi yenyewe. Inafaa plafon na vyumba vya kulala. Kwenye saloni na kolido, tafuta rangi ya maji yenye mng'ao kidogo, inayovumilia kitambaa na sabuni. Rangi ya mafuta inaoshwa vizuri zaidi, lakini nyeupe yake inageuka manjano na miaka, na inageuka haraka zaidi pale ambapo mwangaza ni kidogo. Ndiyo maana desturi ya wazee wetu, kupaka mita moja ya chini rangi ya mafuta yenye giza na kuacha nyeupe juu, ina akili kuliko watu wanavyofikiri.

Jikoni penye mbabula, hakuna nyeupe itakayoshinda moshi wa makala. Pale dirisha linalofunguka lina faida kuliko ndoo ya bei. Na ukipaka juu ya masizi bila kuosha na sabuni na kuacha kukauka, doa litapenya na kurudi.

Chokaa isidharauliwe. Ni ya bei ndogo, inaacha ukuta wa udongo ao wa matofali upumue, na ukungu hauipendi. Ubaya wake ni unga unaobaki kwenye nguo, na inachoma macho wakati wa kupaka. Kama ukuta una chokaa ya zamani, pitisha kiganja kwanza. Kikitoka cheupe, sugua ukuta mpaka unga uishe, la sivyo rangi mpya itabanduka kama ganda. Simenti mpya nayo ipewe karibu wiki nne kabla ya rangi, na wakati wa mvua ipewe zaidi.

Kuna jambo moja ambalo wanunuzi wachache wanauliza dukani: risasi, ile madini ya sumu. Zamani ilitumiwa kutengeneza rangi nyeupe yenyewe. Leo nyeupe nyingi zinatengenezwa na titani, lakini risasi inaweza bado kupatikana katika rangi za mafuta, zaidi zile za manjano na nyekundu. Kiwango kinachopendekezwa kimataifa ni kisichopita sehemu 90 kwa milioni. Mtoto anayetia mdomoni vipande vinavyobanduka anaweza kudhurika ubongo, na madhara hayo hayarudi nyuma. Tafuta kopo lenye maandishi kwamba haina risasi. Rangi ya mafuta ya zamani isisuguliwe na msasa mkavu. Ilowanishwe kwanza, watoto wakiwa mbali.

Kuhusu kiasi, hesabu ni nyepesi. Chumba cha mita 4 kwa 3, chenye kimo cha mita 2.5, kina mita za mraba 35 za kuta. Toa mlango na dirisha, zinabaki karibu 32. Litre moja inapaka karibu mita za mraba 10 mara moja, basi mara mbili inaomba litre 6 na nusu hivi. Fundi akikuambia litre 3 zitatosha, muulize ataongeza maji kiasi gani.

Nunua kwanza kopo dogo kabisa, paka kipande cha tripleksi, kiegemeze ukutani. Kiangalie asubuhi, saa sita, kisha usiku na taa ileile unayotumia. Mpangaji azungumze na mwenye nyumba mbele ya kununua, na kama gharama itakatwa kwenye kodi, waiandike kwenye karatasi.