Waya wa ardhini pale zahanati: tafadhali tuutunze



Mwezi uliopita mtu alikata waya wa shaba nyuma ya zahanati yetu. Siku tatu baadaye radi ilipiga karibu na redio ya upepo ikaungua. Usiku huohuo mama mmoja alishikwa na uchungu, na kijana alilazimika kwenda kwa baiskeli kuita gari la wagonjwa. Tunamshukuru Mungu, mama na mtoto ni wazima. Lakini wengi mmeniuliza: waya ule una kazi gani?

Antena ya redio yetu ni nyaya mbili zenye urefu sawa, moja kulia na moja kushoto. Kwa masafa ya megahezi 7, kila upande una urefu wa mita 10 hivi. Zinakutana katikati kwenye kisanduku kidogo kiitwacho baluni, na kutoka hapo kebo moja inashuka hadi kwenye redio. Pande mbili zikilingana, nguvu ya redio inakwenda angani. Upande mmoja ukivutwa au ukigusa bati, ulinganifu unaharibika. Nguvu nyingine inarudi kwa kebo, sauti inakwaruza, na anayezungumza anaweza hata kuunguzwa na maikrofoni.

Waya uliokatwa ni mwingine. Huo unashuka ukutani mpaka kwenye fimbo ya shaba iliyozamishwa ardhini. Hauzuii radi, bali unaupa umeme njia fupi ya kwenda ardhini. Usipokuwepo, umeme utapita kwenye redio, kwenye nyaya za sola au kwa mtu. Hata ukiwepo, mhudumu wa redio lazima achomoe antena kabla mvua haijafika.

Kwa hiyo tukumbuke:

1. Usikate waya huo kwa ajili ya kuuza shaba. Fedha yake ni ndogo kuliko uhai wa mzazi.

2. Usianike nguo kwenye antena wala kufunga mbuzi kwenye mlingoti.

3. Radi ikimulika, hesabu. Ukisikia ngurumo kabla ya sekunde 30, ingia ndani ya jengo imara. Usikae chini ya mti, wala karibu na mlingoti au fimbo ya shaba. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

4. Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Usiogope kumgusa. Kama hapumui, mkandamize katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mwingine akimbilie zahanati.

Ukiona waya umelegea au umekatika, mwambie mhudumu wa afya wa bloku yako siku hiyohiyo. Hatutakuuliza ni nani aliyeukata. Tunataka tu urudishwe kabla ya mvua nyingine.