Je, Wajua? Kabla ya Kuondoka Bunia

Je, wajua kwamba Bunia iko karibu mita 1,275 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya sufuriani hapa huchemka yakifika nyuzi 96 hivi, si 100? Ndiyo maana mimi huanza na mfuniko wa rejeta. Ukiwa mzima hubana mvuke, na maji hustahimili joto kubwa zaidi. Mpira wake ukichakaa, gari litachemsha kwenye mlima. Ukague injini ikiwa baridi. Ukiufungua injini ikiwa ya moto, maji yatakurukia usoni.

Wajua umri wa tairi umeandikwa ubavuni mwake? Tazama tarakimu 4 za mwisho kwenye mstari unaoanza na DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba laweza kuwa jeusi na nene, kumbe kongwe. Soma kwanza, ulipe baadaye.

Wajua kutoka Bunia hadi Kasenyi, kando ya Ziwa Albert, unashuka zaidi ya mita 600? Ziwa hilo liko kwenye mita 620 hivi. Breki ikikanyagwa mfululizo hupata moto, na mafuta ya breki ya miaka mingi yamekwisha kunyonya unyevu wa hewa. Unyevu huo ukigeuka mvuke, pedali huzama bila kushika. Ingiza gia ndogo ungali juu.

Wajua taa za gari nazo zina upande? Kongo tunapita kulia, Uganda hupita kushoto, lakini magari mengi yanayotufikia Ituri kupitia Uganda yana usukani kulia. Taa zake za chini zimetengenezwa zielekee kushoto, kando ya barabara za kwao. Hapa kwetu kushoto ndiko anakotokea mwenzako, naye humulikwa machoni. Tena dereva amekaa upande wa majani: akitaka kulipita lori haoni mbele mpaka gari zima liwe limeingia njia ya wengine. Kwa gari kama hilo, anayekaa kushoto ni jicho la dereva. Asiwe mtoto, wala mtu mwenye usingizi. Vuka mpaka pale Goli, upande wa Uganda, na mambo yanageuka: sasa ni gari la usukani wa kushoto linalomulika wenzake. Fundi aweza kurekebisha taa au kuziba sehemu ya kioo kwa utepe. Mwambie kabla ya safari.

Kadi za njano ni mbili, wajua? Moja ni ya mwili wako, chanjo ya homa ya manjano. Huanza kutambuliwa siku ya 10 baada ya sindano, na tangu tarehe 11 Julai 2016 hudumu maisha yote. Ya pili ni ya gari, bima ya COMESA, inayolipa hasara utakayomsababishia mtu ng'ambo ya mpaka.

Mvua ikinyesha, bariere ya mvua hushushwa, na malori husubiri udongo ukauke. Beba chakula, maji na turubai. Anayeharisha njiani mchanganyie lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa.

Wajua ukisinzia sekunde 4 tu kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa, gari limekwenda karibu mita 67 bila dereva? Kunywa kahawa, kisha lala dakika 20 papo hapo: kahawa itaanza kazi ukiamka.

Ituri iliingia chini ya utawala wa kijeshi tarehe 6 Mei 2021, na hali ya barabara hubadilika kwa usiku mmoja. Waulize madereva waliofika asubuhi ile ile. Wakisema ngoja, shusha mizigo.

Na saa je? Bunia iko karibu na ikweta na karibu kabisa na longitudo 30, ambayo saa yetu hufuata, kwa hiyo jua letu huchomoza na kuzama karibu na saa kumi na mbili, mwaka mzima. Uganda wako saa moja mbele. Ukiondoka Mahagi, upande wetu wa mpaka, saa kumi alasiri, Goli ni saa kumi na moja. Ukiambiwa na mtu wa ng'ambo "njoo kabla ya saa kumi na mbili", kwako ni saa kumi na moja, jua lingali juu ya vilima.